Zuhura Alikufa kwa Kanuni

Zuhura alikufa Jumamosi, saa tatu na dakika kumi usiku, juu ya meza ya plastiki kwenye balkoni yetu hapa Kitengela. Aliumwa na nyoka ndani ya ghala la chumvi. Nyoka nilimweka mimi. Sumu niliitunga mimi. Na rafiki yetu mmoja alipoomba nafasi ya kumtibu, mimi ndiye niliyefungua kitabu nikamsomea kwamba haiwezekani.

Kama hujawahi kucheza Dungeons & Dragons, ni hivi. Watu wanne au watano wanaketi mezani. Kila mmoja ana mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, akili zake, pointi zake za uhai. Mmoja wao, tunayemwita msimulizi, hana mhusika; yeye anabeba dunia yote iliyobaki, kuanzia mvua na wauza mboga hadi majambazi na nyoka. Jambo likiwa na shaka, dadu ya pande 20 inaamua. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ukatufikia sisi miaka arobaini na kitu baadaye kupitia YouTube na binamu wa mtu aliyerudi na kitabu. Mwanzoni hatukuwa hata na dadu. Tulitumia programu ya simu, na wahusika wetu walikuwa vizibo vya soda. Zuhura alikuwa kizibo cha Stoney.

Wachezaji nitawaita kwa majina ya wahusika wao, maana hakuna aliyeomba kuandikwa. Mwenye Zuhura anashona nguo kiwandani Athi River na kila Jumamosi anafika na njaa. Simba, mpiganaji wetu, ana duka la simu na hakumbuki kanuni hata moja. Halafu kuna Tabibu. Wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Mhusika wake hana uchawi wowote, ni mtu wa kawaida mwenye mkoba wa dawa na ujuzi wa Tiba. "Sitaki wa kuomba miungu," alisema siku ya kwanza. "Nataka mtu amesoma."

Nyoka wa kitabuni anauma mara moja. Unatupa dadu ya kujiokoa, ukishindwa unapoteza pointi kadhaa za uhai, imeisha. Mimi niliona hiyo ni rahisi mno. Nikaongeza kwamba sumu yangu inabaki mwilini kwa raundi 10, ambazo kwa hesabu ya mchezo ni dakika moja, na kila raundi inakula tena. Nilijiona fundi kweli.

Zuhura akaumwa raundi ya kwanza. Tabibu akasogeza kizibo chake karibu.

"Natumia Tiba."

"Kufanya nini?"

"Kuitoa. Kuipunguza. Chochote."

Nikafungua kitabu. Toleo la tano, la mwaka 2014, linasema ujuzi wa Tiba ni wa kumtuliza mtu anayekata roho na wa kutambua ugonjwa. Sumu haitajwi hapo. Sumu inaondolewa na uchawi wa daraja la pili, ambao kuhani anaupata akifika kiwango cha tatu, au na mikono ya paladini. Dukani kuna kichupa cha kukabili sumu, vipande 50 vya dhahabu, na hata hicho hakiitoi. Kinakupa tu nafasi nzuri zaidi ya kujiokoa kwa saa moja. Sisi hatukuwa na kuhani wala paladini, na dhahabu yetu ilikuwa imenunua punda na hema.

Zuhura akaanguka, uhai sufuri. Tabibu akatupa dadu kumtuliza. Akapata 19. Mwenye Zuhura akapiga meza kwa furaha, soda ikamwagika. Halafu zamu yangu ikafika, na sumu ikala tena, maana raundi zilikuwa hazijaisha.

"Namtuliza tena," Tabibu akasema.

"Ushajaribu. Sumu bado iko ndani. Huwezi."

Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Ukishindwa mara tatu ukiwa sufuri umekufa. Nikatoa kizibo cha Stoney mezani. Mwenye Zuhura akasema, "Aki wewe," akaenda jikoni kutafuta chapo.

Tabibu hakupiga kelele. Alikuwa anakusanya kalamu zake. "Mimi wiki nzima niko wodini," alisema. "Kuna siku hatuna kitu, ni glovu tu. Lakini hatuondoki kitandani kwa mtu."

Nikamjibu: "Hiyo ni wodi. Hii ni kitabu."

Kusema kweli hata kitabu kilikuwa hakisemi hivyo, lakini hilo niligundua baadaye sana.

Wiki tatu baadaye ilikuwa Pasaka, nikaenda kwa Koko. Koko ni mama ya mama yangu. Anakaa upande wa pili wa mji wa Kajiado. Unafuata lami ya Namanga, unaiacha kabla ya kufika Bissil, halafu ni barabara ya vumbi kwa dakika 40 hivi kama gari ni zima. Kutoka Kitengela si mbali kwa ramani. Lakini mimi nilizaliwa kwenye ploti, maji yetu yanaletwa na bauza, na kila nikishuka kule lazima Koko anicheke jinsi ninavyotazama chini nikitembea. "Unatafuta pesa?" huniuliza.

Asubuhi ya Jumamosi ile hakuna aliyetazama chini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Koko alienda kwenye rundo la kuni nyuma ya nyumba, akaingiza mkono wa kulia katikati ya kuni akitafuta zilizo kavu.

Kifutu si nyoka wa kukimbia. Analala hapo hapo, rangi yake ni ya vumbi na majani makavu, na ukimkaribia anapuliza kwanza, kama tairi linalotoa upepo. Lakini Koko hasikii vizuri kwa sikio la kulia.

"Olasurai," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja aliyebisha hodi. Halafu akakaa chini.

Matundu yalikuwa mawili, chini kidogo ya kidole cha shahada. Mjomba alikuja na ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga juu ya kiwiko, na mimi nikamshikia ncha moja ili avute. Jirani akafika mbio na wembe, na lile jiwe jeusi la mfupa uliochomwa ambalo watu husema linanyonya sumu. Sitamcheka mtu yeyote hapa. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa na simu yenye asilimia 31 ya chaji, na mtandao ambao hupatikana ukipanda kwenye kichuguu kilicho karibu na boma la mbuzi. Nikapanda. Sikumpigia mama yangu. Nilimpigia Tabibu.

Hakusema pole. Aliuliza: nani, wapi kwenye mwili, saa ngapi, nyoka wa aina gani kama mmemwona. Nikajibu. Halafu: "Amevaa nini kwa mkono?"

"Bangili. Za shanga. Nyingi."

"Toa zote. Saa hii. Huo mkono utavimba, na hizo zitageuka kamba."

"Tumefunga mpira."

"Kitambo?"

"Dakika tano hivi."

"Legeza polepole, toa. Msikate na wembe. Msinyonye. Hilo jiwe liacheni. Mkono usisongesongwe, weka kijiti, funga na leso. Na yeye asitembee, mumbebe. Umeskia? Halafu gari."

"Na dawa?"

"Dawa iko hosi. Toa bangili."

Koko alikuwa na bangili kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, nyingine zimeshonwa juu ya waya, na mkono ulikuwa umeshaanza kujaa. Za juu zilitoka kwa sabuni. Za chini nilizikata kwa koleo la mjomba. Shanga zikaruka kila mahali, kuku wakaja wakidhani ni mtama. Hadi hapo Koko alikuwa amenyamaza, meno ameyauma, lakini nilipofika kwenye moja nyembamba, nyeupe na buluu, alivuta mkono. "Hiyo ni ya mama yako," alisema. Aliishona wiki mama alipoolewa. Nikamwomba msamaha nikaikata.

Gari tulilisubiri dakika 40 nzima. Ni Probox ya mtu anayepeleka maziwa, na alikuwa keshaondoka, ikabidi aitwe arudi. Dakika 40 hizo bado ninazo. Tabibu alikuwa kwenye simu. Mtandao ukikatika nilikuwa nahama kichuguu, yeye anapiga tena. Aliniambia nichukue kalamu, nichore mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipofika, na pembeni niandike saa. Nikachora. Saa mbili na dakika kumi, karibu na kifundo. Saa mbili na nusu, vidole vinne juu yake. Saa tatu kasoro dakika tano, katikati ya mkono. Ndani ya gari tuliendelea, na kwa kuwa barabara inarusha, mistari yangu ya mwisho imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Koko aliitazama akasema namwandika kama ng'ombe wa kuuzwa.

Tabibu alitaka aongee na Koko mwenyewe. Kiswahili cha Koko ni cha sokoni, na Kimaasai cha Tabibu ni salamu tu. "Takwenya, Koko," nilisikia. "Iko," Koko akajibu. Halafu wakaanza kuongea mambo ya mbuzi. Nilishika simu sikioni mwa bibi yangu, lile sikio zuri, na kwa kilomita nyingi mwanafunzi wa uuguzi aliyeketi kitandani huko kwenye hosteli alikuwa anauliza mbuzi ni wangapi, yupi anazaa mapacha, nani anawakama, ili mradi bibi atulie, asihangaike, mkono usitikisike. Hakuna hata tone moja la sumu alilolitoa.

Kituo cha kwanza hakikuwa na dawa. Muuguzi alifungua friji mbele yetu ili tuone mwenyewe hadanganyi. Alimwekea Koko maji ya mshipa, akampa ya maumivu, akatuandikia barua, akatuombea ambulensi ambayo haikupatikana, tukarudi kwenye Probox. Hospitali ya pili ilikuwa nayo. Saa ya simu yangu ilikuwa inakaribia saa sita. Kutoka kwenye rundo la kuni hadi kwenye sindano ilikuwa karibu saa nne.

Kwenye benchi la hospitali nilisoma kila kitu, kama tunavyosoma sote tukiwa hatuna la kufanya. Kulikuwa na dawa moja ya Kifaransa, Fav-Afrique, iliyotengenezwa na Sanofi Pasteur kwa ajili ya nyoka 10 wa Afrika. Kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2014, na chupa za mwisho zikapitwa na muda Juni 2016. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kwa makadirio yake, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa nyoka kila mwaka duniani, na wanaobaki na kilema au kukatwa kiungo ni kama mara tatu ya hao. Karen hapo, kilomita chache kutoka mahali tunaponunua dadu zetu siku hizi, wako watafiti wanaofuga nyoka wa humu nchini kwa sababu ya jambo hilo hilo. Nilikuwa nimeishi miaka 24 bila kujua lolote kati ya haya, na nilikuwa najua kwa kichwa bei ya kichupa cha vipande 50 vya dhahabu.

Siku ya tatu Koko alimuuliza muuguzi dawa ile inatoka mti gani. Kwa Kimaasai mti na dawa ni neno moja, olchani, kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Muuguzi akamwambia haitoki kwenye mti, inatoka kwa farasi. Farasi anadungwa sumu kidogo, halafu kidogo zaidi, kwa muda mrefu, hadi damu yake inajifunza kupigana nayo. Kisha anatolewa damu kiasi, na ile sehemu iliyojifunza ndiyo inayosafishwa na kuwekwa kwenye chupa. Wazungu waliianza kazi hiyo miaka ya 1890, na mpaka leo njia kubwa ni hiyo hiyo.

Koko akafikiri. "Alikubali?"

"Nani, Koko?"

"Farasi."

Muuguzi alicheka hadi akaegemea kitanda. Mimi sikuweza. Nilikuwa nafikiria mambo ya Kiswahili chetu: tunasema dawa ya panya, dawa ya kupe, dawa ya mbu, na zote ni sumu. Mama yangu huziweka kabati moja na Panadol, rafu ya juu. Mtu aliyeanza kutumia neno hilo moja sijui kama alikuwa mvivu au alikuwa ameshaona kitu.

Koko aliishi. Wiki ya tatu walimkata kidole cha shahada na nusu ya kile cha kati, nyama ilikuwa imekufa. Daktari alisema bila kona kwamba uvimbe ungekuta bangili mahali pake, tungekuwa tunazungumza juu ya mkono mzima. Pia alisema, bila kona vilevile, kwamba tungefika mapema zaidi huenda vidole vingebaki. Nimejaribu kukumbuka sentensi ya kwanza peke yake. Haikubali. Zinakuja pamoja.

Nilikaa miezi miwili bila kugusa mchezo. Nilipofungua tena kitabu ilikuwa ni kwa sababu ya hasira, nikitaka kujua nani aliamua kwamba mtu aliyesomea tiba hana kazi mbele ya sumu. Nikaanza kurudi nyuma, toleo baada ya toleo, kwenye faili za watu. Mwanzoni kabisa sumu ilikuwa ni kifo: tupa dadu, ukikosa umekufa. Kwenye vitabu vya mwaka 1978 kuhani kwa uchawi wa daraja la pili aliweza kuipunguza mwendo tu, na kuiondoa ilibidi atumie uchawi wa daraja la nne. Huo wa kupunguza mwendo niliupenda. Leo Pathfinder, mchezo ambao ni kama binamu wa huu, unamruhusu tabibu amhudumie aliyeumwa na kumwongezea pointi mbili anapojiokoa, nne akifanya vizuri sana.

Lakini niliyokuwa naitafuta ilikuwa kwenye toleo la tatu na nusu, la mwaka 2003, chini ya ujuzi wa kuponya. Kwenye toleo hilo sumu inakuja mara mbili: inapoingia, na tena dakika moja baadaye. Na tabibu aliye karibu anaweza kuamua kumhudumia aliyeumwa. Akifanya hivyo, kila mara mgonjwa anapotupa dadu ya kujiokoa, tabibu naye anatupa yake. Inayohesabika ni ile kubwa zaidi kati ya hizo mbili.

Nilisoma mara tatu. Hakuna uchawi pale. Sumu haitolewi. Mtu aliyechoka anatupa dadu yake, na mtu aliyeketi pembeni yake anatupa nyingine, na sumu inalazimika kuzishinda zote. Gharama yake ni moja: tabibu anatumia zamu yake hapo. Wengine wakipigana, yeye hapigani. Niliona kituo cha simu kwenye sikio zuri la Koko, mbuzi wanahesabiwa.

Halafu, kwa aibu, nikarudi kwenye toleo la tano, kitabu changu mwenyewe nilichokinukuu usiku ule. Kuna mstari nilikuwa nimeuruka. Ukimtuliza mtu aliye sufuri, hesabu yake ya kushindwa inarudi mwanzo. Yaani Tabibu alipopata 19, Zuhura alianza upya. Sumu ilipokula tena, hiyo ilikuwa moja, na Tabibu alikuwa na haki ya kutupa tena. Na tena. Raundi zote zilizobaki, kama dadu ingekubali. Kitabu hakikusema huwezi. Mimi ndiye niliyesema huwezi, kwa sauti ya kitabu.

Nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, ujumbe mrefu, na ukurasa nikaupiga picha. Simba akatuma alama ya kucheka. Mwenye Zuhura akatuma sauti ya sekunde nne: "Zuhura nishamzika. Nirudishie kizibo changu tu." Tabibu alisoma, zile tiki mbili zikawa buluu, akakaa siku nzima. Usiku akajibu: "Koko anaendeleaje na mkono?"

Mkono unaendelea. Sindano ya shanga sasa anaishika kwa kidole gumba na cha pete, mkono wa kulia, na anatukana kwa Kimaasai uzi ukimponyoka. Bangili nyeupe na buluu ameirudia kuishona. Shanga nyingi tuliziokota, zilizobaki walizila kuku.

Agosti alikuja kukaa kwetu wiki mbili kwa ajili ya kliniki. Hapendi Kitengela. Anasema ni mahali ambapo watu walijenga kabla ya kuulizana. Zamani aliijua kama Noonkopir, mbuga tupu, nyumbu wakipita, na sasa usiku kucha ni malori ya Namanga na kesha la kanisa lililo nyuma ya ploti. Jumamosi alikataa kulala, akavuta kiti hadi balkoni akakaa nasi, shuka begani, akitaka kuona ni nini hiki ambacho vijana wanakifanya badala ya kuoa.

Tabibu hakuwepo. Alikuwa ametoka zamu na matatu yake ilikuwa imekwama kwenye jamu ya Mlolongo. Alikuwa kwenye spika ya simu, ameegemezwa kwenye chupa ya ketchup. Tulikuwa tunatumia kanuni ya 2003, nilishawaambia wote. Simba akaumwa na nge pangoni. Sumu ya nge huyo sikuitunga, niliitoa kitabuni kama ilivyo.

"Nakaa naye," Tabibu akasema kutoka Mlolongo. "Lakini sina dadu hapa. Koko anitupie."

Nikamweleza Koko kwa Kimaasai changu cha kuokoteza. Huyu ameumwa. Anajitupia yake. Wewe unamtupia nyingine. Kubwa ndiyo inahesabiwa. Inatakiwa 13.

Hakuuliza ni nani aliyeumwa, au kwa nini, au pango liko wapi. Simba akatupa: 6. Koko akaichukua dadu, akaitemea mate kidogo ya baraka kama anavyotutemea sisi kichwani, akairusha kwa ule mkono. Ikazunguka kati ya vizibo, ikasimama.

4.

"Ai," akasema Mwenye Zuhura.

Nikaandika pointi zinazopungua kwenye karatasi ya Simba. Koko alikuwa ameshaichukua dadu tena.

"Bado, Koko," nikamwambia. "Sumu inarudi mara ya pili. Dakika moja ikipita, ndiyo mnatupa tena."

"Dakika moja?"

"Ndio."

Dakika ya mchezo huwa hatuisubiri. Unasema imepita, imepita. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hivyo. Lakini Koko alikuwa ameifunga dadu kwenye kiganja, vidole vitatu na nusu juu yake, na amegeuza kiti kidogo ili aione saa ya ukutani sebuleni. Simba akaweka soda yake chini. Kwenye simu, kondakta wa Mlolongo alikuwa anagombana na mtu juu ya shilingi 20, halafu naye tukamsikia Tabibu akimwambia anyamaze kidogo.